Goti Nililolilaza kwa Ajili ya Wageni

Kabla hamjanipa pole, ngojeni kwanza nimalize. Watu waliohamia mtaani kwetu juzi wakiniona nikichechemea hutikisa kichwa na kusema, "Madaktari wameharibu mama wa watu." Jamani, madaktari hawakuharibu kitu! Niliharibu mwenyewe, tena nikiwa nimejifunika blanketi na kunywa supu ya kuku.

Nimeamua kulitoa hili kwa sababu linanikereketa moyoni, na kwa sababu kuna mtu aliyebebeshwa lawama zangu. Jina langu hamtalipata. Mjue tu kwamba mimi ni fundi wa cherehani hapa Eldoret, mama mtu mzima, niliyekuja huku kutoka upande wa Nyeri nikiwa bi harusi. Mjue pia kwamba napenda sana kuonewa huruma. Hilo la mwisho hata mimi sikulijua mpaka nilipofanyiwa operesheni.

Tulikuwa mafundi wawili kwenye baraza ya duka moja la vitambaa. Mwenzangu nitamwita Mama Chebet. Yeye ni mwenyeji, kwao ni Cheptiret, na cherehani zetu zilitazamana miaka mingi. Yeye alikata, mimi nilipiga marinda. Alikuwa akiniambia nashona kama mtu anayekimbia mvua, nami nikimwambia anakata kitambaa kama mzee anayegawia wanawe shamba. Tulicheka, tukala githeri kwenye bakuli moja, siku ikapita.

Goti langu la kulia lilianza kunisumbua msimu wa mvua, nilipoteleza kwenye matope ya Langas nikiwa na furushi la kaptura kichwani. Mguu ulibaki nyuma, mimi nikaenda mbele. Tangu hapo likawa linakwama. Ninashona vizuri, nikitaka kuinuka, wapi! Limejifunga. Ilibidi Mama Chebet aje anivute kama mtu anayetoa ng'ombe mtaroni.

Na fundi wa cherehani ya miguu bila goti ni nani? Lazima goti likunjike ndio mguu uingie chini ya mashine, ukanyage pedeli. Likikataa kukunjika, umebaki na mashine ya kupambia nyumba.

Hospitali ya misheni nilikopelekwa, daktari mzungu aliligeuzageuza goti langu akasema kuna kile kigegedu kinachokaa katikati ya mifupa, kimechanika, na mfupa wenyewe umekwaruzika. Atafungua, atasafisha, atafunga. Tukapanga iwe mwezi wa kumi. Nilipiga hesabu zangu za kifundi: Novemba nipone, Desemba nianze polepole, Januari niwe kazini. Huo ndio mwaka serikali ilileta mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4, na watoto waliozoea kumaliza darasa la saba wakaambiwa kuna darasa la nane. Hebu fikirini! Vijana wameanza kubalehe, miguu mirefu, na bado wanahitaji kaptura. Shule moja ya kule kwa kina Mama Chebet ilikuwa imetupa kazi ya sare zote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata.

Nilijiandaa kwa operesheni kama ninayekwenda kutoa mahari. Nguo mpya, kitambaa kipya cha kichwa, mafuta ya kujipaka. Niliambiwa nisile chochote kuanzia jioni, na nikatii. Asubuhi muuguzi akaniuliza, "Mama, umekula?" Nikajibu hapana, kwa dhamiri safi kabisa.

"Hata kunywa kitu?"

"Chai tu."

"Chai ya maziwa?"

"Sasa kuna chai gani ingine?"

Woi! Aliita wenzake wakaja kunitazama. Kwetu chai si chakula, kila mtu anajua. Mgeni akinywa chai tu akaondoka, tunasema ameenda bila kula. Lakini hospitalini walinifuta siku hiyo, wakasema nikiwekwa usingizi na chai tumboni naweza kufa. Nikalala wodini kungojea siku nyingine, nimevaa kitambaa changu kipya, nimenuna.

Hapo ndipo nilipokutana na mtu wa mazoezi. Wagonjwa walimwita Bwana Mazoezi. Alikuwa na sauti kubwa na mikono ya mtu anayepasua kuni. Alinifundisha kutembea kwa magongo hata kabla sijapasuliwa, akanifundisha kuinua mguu ukiwa umenyooka, na kukaa kwenye ukingo wa meza niuache mguu uning'inie ujikunje.

"Mama, daktari atafungua hii goti na ataifunga," aliniambia. "Kuikunja ni kazi yako. Kila siku, asubuhi na jioni, hata ikiuma. Ikiuma sana lia, lakini kunja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hii mto. Mto ni ya kichwa. Nikikuta mto chini ya goti nitakufukuza hapa."

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, na nikafuata kila alichosema. Nataka mjue hilo: nilielezwa, nikaelewa, na nilipotoka pale baada ya operesheni, mshono ukiwa umekauka na nyuzi zimetolewa, goti langu lilikuwa likikunjika vizuri. Bwana Mazoezi mwenyewe alinipigapiga begani akasema Januari nitakuwa nakanyaga pedeli.

Nilirudi nyumbani na magongo yangu, nikaanza mazoezi kama mwanafunzi mpya. Mume wangu huendesha lori la mahindi, Turbo mpaka Nakuru, kwa hiyo siku nyingi za wiki nilikuwa peke yangu. Watoto walikuwa shule za bweni. Nilifunga pakiti ya chumvi kwenye kifundo cha mguu, nikakaa juu ya meza ya jikoni, nikawa naupeleka mbele na nyuma huku nasikiliza redio. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Kisha wakaja wageni wa kuniona.

Walikuwa akina mama wa kanisa, na mbele yao mwenyekiti wao, Mama Gathoni. Waliingia wakiwa na nyuso za kilio tayari, kiondo kina kuku, mwingine kabeba sukari, mwingine unga. Tena unga mweupe! Mwaka ule ulikuwa wa njaa, watu wanapanga foleni kununua unga wa njano ambao hata mbwa aliunusa akaondoka. Na wao walikuwa wameniletea mweupe.

Wakanikuta juu ya meza, napiga mguu hewani, redio inaimba.

Mama Gathoni alisimama mlangoni. "Kumbe umepona!" akasema.

Nawaambieni, hayakuwa maneno ya furaha. Alisema kama mtu aliyefika matangani akamkuta marehemu anakunywa chai. Wenzake wakatazamana. Yule mwenye kiondo alikisogeza nyuma kidogo, na kuku akatoa sauti.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Watu wameacha shamba, wameacha watoto, wametembea juani kuja kuona mgonjwa, na hakuna mgonjwa! Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kupona wapi? Nilikuwa najaribu tu. Woi, hata sasa limeanza." Nikajishika goti, nikakunja uso.

Basi! Walinirukia, wakanibeba, wakanilaza. Mama Gathoni akachukua mto akauweka chini ya goti, taratibu, kwa upendo. Nilifungua mdomo nimwambie mto ni wa kichwa. Nikaufunga. Waliimba, wakaomba, wawili wakalia. Kuku akabaki.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri! Nimekuwa fundi tangu usichana, nikiinamia mashine, nikipigiwa kelele na wazazi wa watoto kwamba mfuko umekaa upande. Hakuna mtu aliyewahi kunifunika blanketi mchana.

Baada ya hapo wageni hawakukatika. Mnajua desturi yetu ya kuona mgonjwa. Anayekuja leo anamwambia jirani, na jirani hawezi kukosa kuja kesho, asije akasemwa. Geti la kwetu lilikuwa na mlio wake, nami nilijifunza kuusikia hata nikiwa jikoni. Likilia, mimi nachumpa kitandani na mguu wangu, mto chini, uso nimeshautengeneza. Wakiondoka najiambia nitafanya mazoezi. Kabla sijashuka, geti hilo tena.

Baadaye sikungoja hata geti. Niliona hakuna haja ya kushuka kila mara. Nililala tu.

Mume wangu aliporudi safari moja alinitazama, akatazama kuku watano waliofungwa chini ya meza, akaniuliza, "Hii ni nyumba ama ni soko ya kuku?"

"Ni watu wananipenda."

"Na mazoezi?"

"Nitafanya."

"Mama watoto, hiyo mguu si ya Mama Gathoni, ni yako," akasema. Akala kuku, akalala, alfajiri akaondoka na lori lake kwenye baridi ya Timboroa. Nilimwona mtu asiye na huruma. Leo namwona alikuwa mtu pekee mwenye akili ndani ya nyumba, ingawa kuku alikula.

Sasa nije kwa Mama Chebet, kwa maana hapa mzaha unapungua.

Yeye hakuja kulia. Alikuja kila Jumamosi baada ya kufunga kazi, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha ya kwao, akaketi karibu na kitanda akaniambia habari za barazani. Wateja wangu alikuwa amewazuia wasiende kwa mafundi wengine. Alikuwa anashona kazi yake, kisha anahama kiti anashona yangu. Alikata yeye, akapiga marinda yeye. Alinionyesha vidole vyake vilivyotobolewa na sindano, akacheka.

"Si unaona? Sasa nashona kama mtu anakimbia mvua," akasema. "Wewe pona pole pole. Januari iko mbali."

Yule ndiye niliyepaswa kumwambia. Angenitukana kidogo, angecheka, angenivuta kutoka kitandani kama alivyokuwa akinivuta kutoka kwenye mashine. Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba siwezi hata kusimama. Kama ningesimama mbele ya mmoja, habari ingefika kwa wote. Kwa hiyo na yeye nikampigia kite. Akaniosha miguu kwa maji ya moto, akanipaka mafuta, akarekebisha ule mto.

Siku ya kurudi kliniki ilifika Desemba ikianza. Mume wangu alikuwa safarini, Mama Chebet akafunga mashine yake akanisindikiza. Niliposhuka kitandani asubuhi hiyo kuvaa, ndipo nilipojua. Goti halikunyooka. Nikajaribu kulikunja. Halikukunjika. Lilikuwa limeshika palepale lilipozoea juu ya mto, nusu kuja nusu kwenda. Nikajifariji kwamba labda ni baridi.

Kwa Bwana Mazoezi kulikuwa na benchi refu limejaa wagonjwa na ndugu zao. Alinifurahia aliponiona. "Mama Chai! Kuja, panda hapa. Kunja."

Nikakunja. Yaani nilijaribu. Alidhani namtania. Akashika mwenyewe, akasukuma, nikapiga yowe. Akaacha. Uso wake ulibadilika.

"Imekuwa nini? Hii goti ilitoka hapa ikikunjika!"

Nikajifanya narekebisha sketi. Akamgeukia Mama Chebet. "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni rafiki yake."

"Nani amekuwa akimhudumia nyumbani?"

"Ni sisi, daktari. Na mimi pia," Mama Chebet akasema, na alisema kwa fahari. "Hatujamwacha ashike kazi. Tunamlisha, tunamwosha miguu, tunamwekea mto ndio asiumie."

Ai! Ungemsikia yule bwana. Alimfokea mbele ya benchi lote. Kwamba amemharibu mgonjwa. Kwamba akina mama wa vijijini wanaua watu kwa kuwahurumia. Kwamba mto ni wa kichwa, mara ngapi aseme! Kwamba kazi nzuri ya daktari imetupwa chooni na huyu hapa.

Mama Chebet alinitazama. Alingoja niseme neno. Nami niligeuka nikaanza kusoma karatasi ukutani iliyokuwa ikieleza kuchemsha maji ya kunywa. Niliisoma mpaka mwisho, nikaanza tena juu.

Aliinama tu, akakusanya magongo yangu. Tulipotoka nje niliona anafuta macho kwa ukingo wa leso, na bado sikusema. Hilo ndilo kosa langu kubwa, jamani. Ule uongo wa kitandani ulikuwa upuuzi wa mtu anayependa kudekezwa. Huu wa benchini sina jina la kuupa.

Iliamuliwa niwekwe usingizi tena, goti likunjwe kwa nguvu nikiwa sijitambui. Safari hii sikunywa chai. Nilipoamka nilimwita Ngai, Mungu wa kwetu, nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa, nikamwita hata Bwana Mazoezi. Daktari mzungu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba wamepata njia kidogo, na ikifunga tena hataifungua.

Na mtaani? Mtaani Mama Gathoni alishapata maelezo yake kutoka kwa mtu wa lile benchi. Aliyeharibu goti ni Mama Chebet. Eti ndiye aliyekuwa akinilaza, eti ndiye mwenye mto, daktari mwenyewe amesema mbele ya watu. Akaongeza na maneno juu ya "watu wa huku" ambayo sitayarudia hapa. Yeye, aliyeweka mto wa kwanza kwa mkono wake! Nami nilimsikia akisema hayo sebuleni kwangu, nikasema tu, "Tuyaache, tumwachie Mungu." Mungu ana kazi, kwa kweli. Tunamwachia hata yale tunayoweza kuyamaliza kwa sentensi moja.

Mama Chebet alisikia anayosemwa. Mnajua alifanya nini? Alianza kuja kwangu kila asubuhi kabla ya kufungua kazi. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kiti changu, akashika kifundo cha mguu, akasukuma. Nililia, naye akasukuma huku analia pia.

Asubuhi moja, akiwa pale chini, alisema bila kuinua uso, "Unisamehe. Mimi sijasoma mambo ya hospitali. Nilidhani nakusaidia, kumbe ni mimi nakulemaza."

Nilihisi kama nimechomwa na pasi ya makaa. Mtu yuko sakafuni, kwa magoti yake mazima, ananiomba mimi msamaha!

"Mama Chebet, wacha," nikasema. "Niliambiwa. Niliambiwa habari ya mto kabla hata sijapasuliwa. Nilikuwa natembea. Nililala kwa sababu nilipenda wageni."

Alibaki ameshika mguu.

"Ulikuwa unatembea?"

"Nilikuwa natembea."

"Na mimi nikikuosha miguu, ulikuwa unaweza kusimama?"

"Nilikuwa naweza."

"Ile siku ya daktari, akinigombanisha, ulikuwa umekaa hapo tu."

"Nilikuwa hapo."

"Na ukanyamaza."

Aliushusha mguu wangu chini, polepole, hakuuachilia udondoke. Akainuka, akajikung'uta vumbi magotini, akatoka. Geti likalia, na kwa mara ya kwanza sikujua nijifiche wapi.

Hakurudi. Kazi ya shule aliendelea nayo peke yake, kwa sababu ni mtu wa neno lake, lakini kwangu hakukanyaga. Nilifanya mazoezi peke yangu, kwa hofu, kwa machozi, asubuhi, mchana na jioni. Goti lilikubali kidogo, likakubali kidogo tena, halafu likafika mahali likakataa kabisa. Nililisihi, nililitukana. Lilikuwa limechoka na mimi.

Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, mchungaji aliita wenye ushuhuda. Huwa ni wakati wa watu kusema walivyoponywa. Mama Gathoni akanisukuma kwa kiwiko, nisimame nimshukuru Mungu kwa kunitoa mikononi mwa madaktari na watu wasiojua kuuguza.

Nikasimama. Magongo niliyaacha kwenye benchi. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi niliponywa mwezi wa kumi." Wakaitikia amina. Nikasema, "Halafu nikajilaza mwenyewe, kwa sababu mlikuwa mnaniletea kuku."

Hakuna aliyeitika amina hapo.

Nilieleza yote, kuanzia meza mpaka benchi la kliniki. Nilimtaja Mama Chebet kwa jina, nikasema hana kosa, nikasema mto wa kwanza niliupokea kwa hiari yangu kutoka kwa mikono mingine na sikusema kitu. Mama Gathoni alitazama juu kwenye mabati. Vijana walicheka kwa nyuma. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa sauti kwamba mke wake alitoa jogoo wa mbegu, na sasa itakuwaje? Nilimjibu nitampa mwingine. Nilimpa.

Mama Chebet hakuwa kanisani. Yeye husali kanisa lingine. Lakini Eldoret ya siku zile haikuhitaji simu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilirudi barazani. Alikuwa ameshafika, ameinamia kazi. Nilimsalimu, akaitikia, "Salama, fundi." Miaka yote aliniita mwenzangu, na siku hiyo nikawa fundi tu. Nikafungua mashine yangu, nikaketi, nikajaribu kuingiza mguu chini.

Haukuingia. Goti liligonga ubao wa mashine likakaa pale, mguu umetokeza kando mpaka njia ya wapita njia. Nilijaribu kusogeza kiti. Nilijaribu kukaa upande. Wateja walikuwa wanatazama. Nikaweka mikono juu ya mashine, nikalia bila kujificha, na siku hiyo sikuwa naitafuta huruma ya mtu yeyote.

Nikasikia kiti kikiburutwa. Mama Chebet alikuja akaketi mbele yangu, akauweka mguu wangu mapajani mwake.

"Kunja."

"Inauma."

"Najua. Kunja."

Nikakunja. Alisukuma kwa kiganja, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zote, mpaka tukafika pale ambapo goti hukataa. Alilipapasa pande zote.

"Ni hapa tu?" akauliza.

"Ni hapa tu."

"Haitapita hapa tena?"

"Daktari anasema haitapita."

Alishusha mguu wangu chini. Akainuka, akashika mashine yangu kwa mikono miwili, akaizungusha, akaisogeza mpaka ukutani ili mguu wa kulia upate mahali pa kutokeza na wa kushoto ufike kwenye pedeli. Akarudi kwenye kiti chake, akanitupia kaptura iliyokatwa.

"Anza na hiyo," akasema. "Na usifikiri nimekusamehe. Kazi iko mingi."

Nashona hadi leo kwa mguu wa kushoto, taratibu, uzi ukinikatikia mara kwa mara. Mama Chebet bado ananiita fundi. Ninyi mnaosoma, mkitoka hospitali na kuambiwa mkunje, kunjeni, hata kama sebule imejaa wageni wenye machozi na vyakula. Mgeni atakwenda kwake na kiungo kitabaki na wewe. Na mtu akifokewa kwa kosa lako, usisome karatasi za ukutani. Sema palepale, kwenye benchi lilelile, watu wakisikia. Mimi nilikuja kusema baadaye, mbele ya kanisa zima, nimesimama kwa mguu mbovu, na yule niliyepaswa kumtetea hakuwapo kusikia.